Mwandiko wake uko katika kila harusi, yeye yuko peke yake

Saa mbili asubuhi Mzee Wino anakaa mezani. Anaifuta ncha ya kalamu kwa kipande cha fulana kuukuu, kisha anachora H kubwa yenye mkia unaozunguka hadi pembeni mwa karatasi. Anaitazama, anaikunja, anaitupa. Hakuna mteja aliyeiagiza.

"Nanyoosha mkono tu," anasema. "Usipoutumia unakuwa mgumu kama bawaba ya mlango."

Chumba chake kina viti viwili. Cha pili kimejaa magazeti ya zamani, na mgeni akija ndipo yanahamishiwa sakafuni, kama leo alipokuja mwandishi wa habari. Vumbi la magazeti hayo linaonyesha wageni hawaji mara nyingi.

Mzee huyu wa miaka sitini na minane, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina hilo la utani, ameandika kadi za harusi na vyeti vya shule kwa mkono tangu ujana wake. Mwezi uliopita alipata kazi mbili. Mwezi huu bado.

Aliyemnyang'anya kazi ni yeye mwenyewe. Miaka mitano iliyopita, mwenye duka la uchapaji la jirani alimwomba amwandikie herufi zote, kubwa na ndogo, ili duka liziingize kwenye kompyuta. Zikawa fonti. Sasa mwenye sherehe anachapa jina lake tu, nalo linatoka kana kwamba limepita mkononi mwa Mzee Wino.

"Sikumlazimisha jamani," anasema mwenye duka, mama mwenye maneno mengi. "Nilimwambia afikirie kwanza. Akaniambia, lete karatasi."

Mzee hakatai. Ilikuwa wiki ile ile aliyomzika mkewe. "Nyumba ilikuwa kimya mno. Hata angeniambia nihesabu mchanga, ningehesabu."

Alizimaliza mchana mmoja, na kwenye h ndogo mkono ukatetemeka. Mtetemo huo umo mpaka leo katika kila neno "harusi" linalochapwa. "Watu wanasema hapo ndipo panapopendeza. Mimi hapo naiona siku ile."

Fonti imesambaa hadi imepitiliza. Nyuma ya soko kuna tangazo lenye madoido yale yale ya kifahari: Usimwage taka hapa. "Nimepanda cheo," anatania. "Nakataza taka kwa heshima zote." Anacheka kidogo, peke yake.

Lakini kinachomnyima usingizi wiki hii si kazi. Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, anaolewa mwezi ujao. Amemtumia picha ya kadi kwa simu. Kadi inasema familia ya mzee ina furaha kukualika, yote kwa mwandiko wake, na hakuna herufi hata moja aliyoiandika. Chini yake binti ameuliza: "Baba, umeipenda?"

Siku ya nne hii hajajibu.

"Kadi za watoto wa watu nimeandika mpaka macho yakachoka," anasema. "Ya mwanangu imepita mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Nilitaka aniambie, baba, ziandike wewe. Sasa nikilisema hilo ataona namharibia shughuli, anichoke. Na sina mwingine."

Kabla hajamaliza, simu inaita. Ni binti. Mzee anaweka sauti ya nje kwa kuwa sikio lake moja ni zito.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Mbona kimya? Kadi mbaya?"

"Si mbaya." Anakohoa. "Ila ningeziandika mwenyewe, mwanangu. Hukuniuliza."

"Nikuulize vipi, baba? Nilipokuwa shule ya bweni uliniandikia kila wiki. Tangu mama aondoke hujaniandikia hata mstari. Simu nazo napiga mimi. Siku nilipouona mwandiko wako kwenye kompyuta ya duka moja la huku, nililia mbele za watu. Nikasema basi, nitauchapa, angalau niwe nao."

Mzee anapapasa meza kama anayetafuta kitu.

"Kila nikishika kalamu kukuandikia, naanza na habari za nyumbani," anasema polepole. "Na habari za nyumbani ni mama yako."

"Basi niandikie hizo hizo, baba."

Wanaagana. Mzee anatoa leso, anajifuta uso bila kujificha.

"Kadi ziende kama zilivyo," anasema. Mpango wake sasa ni kumaliza barua moja kabla ya harusi na kumpelekea binti yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. Hajui itakuwa ndefu kiasi gani. Ni miaka mitano ya habari.

Anavuta karatasi safi na kuandika "Mwanangu". Kisha anaifunika kwa kiganja na kumgeukia mwandishi wa habari.

"Nipishe, mwanangu. Haya si ya gazetini."