Pembe za Risasi Pale Bustan

Siku yangu ya kwanza kazini, bandari ya Matrah, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, alinambia niugonge ubavu wa meli. Nkagonga. Mbao! "Meli ya vita, ya mbao?" nkauliza. Akacheka. "Ndo salama yake. Mabomu mengine ya baharini hunusa chuma."

Mwaka wa sitini na sita huo, mgeni mie kutoka Unguja. Wakati wa vita vikuu meli ile ilikuwa ya kutegulia mabomu. Iliburura waya wenye makali unaokata minyororo ya mabomu yaliyofungwa chini, yakiibuka yakapigwa bunduki. Vita vilipokwisha ikauzwa, ikawa inabeba mchele na saruji. Mimi nlikuwa mpaka mafuta wa injini, tena mkalimani wa nahodha, Mwingereza aliyetumika humo humo vitani.

Siku moja injini ikatuzimikia karibu na kijiji cha Bustan, mimi na nahodha tukateremka kutafuta maji. Mvuvi mmoja, Salim, akatukaribisha kahawa uani kwake. Lahaula! Katikati ya ua pana duara la chuma, kubwa kama pipa, lina pembe, na Salim kalikalia, nyundo mkononi, anagonga pembe moja.

"Hizi risasi safi," akanambia kwa Kiarabu. "Nayeyusha, nafanya chubwi za kuzamishia nyavu. Mbili nshang'oa."

Nahodha rangi ikamtoka. "Mwambie aweke nyundo chini. Polepole. Hilo bomu la baharini, na hizo mbili bahati yake tu. Ndani ya pembe mna kichupa cha tindikali. Kikivunjika, umeme unawaka, na sote kwaheri."

Nkafasiri, nkamwambia tuondoke sote. Salim akaiweka nyundo, lakini kuondoka, ng'o! "Mgeni hatoki kwangu bila ya kahawa! Mnataka kunifedhehesha?" Akainama kupuliza makaa ya seredani, hapo hapo ubavuni mwa bomu.

Nahodha akasema, "Basi leo yeye na mkewe ni wageni wangu melini. Akikataa, kanifedhehesha mimi." Hapo tu Salim akanyanyuka, akamwita mkewe, mke akatoka na mtoto kiunoni.

Majirani wakahamishwa, wanajeshi wakaja kuliripua bomu. Ua wote ukawa shimo.

Sasa nimestaafu, nnakaa Al Khuwair, na wajukuu wanataka hadithi za mizinga. Sina. Nnaye mama yule tu, kasimama sitahani mwa meli, anautazama moshi wa nyumba yake. Nkamwambia, "Pole, dada, nyumba hujengwa."

"Mwanangu," akasema, "kasimama dede kwa kuzishika pembe zile."