Zaituni, aliyekataa kuandika kwamba wakulima wetu walikuwa wazito

Jamani, tangu asubuhi naandika na kufuta hii post. Zaituni Hamisi hatunaye. Tumemzika juzi hapa Mandewa, na jana bado nilishika simu nimpigie.

Mnisamehe mnaotarajia maneno matamu. Nina majonzi, ndiyo, ila hasira imezidi.

Kwa wasiomjua: Zai alikuwa binti wa mfanyabiashara hapa Singida mjini, na alikuwa anasoma PhD ya historia ya uchumi. Alitaka kujua soko huria lilipoingia, ile miaka ya tisini, sisi wakulima wa Iramba lilitukuta vipi, na kwa nini wengi waliacha pamba.

Mimi ni mwalimu, kwetu Kinampanda. Alinichukua nimtafsirie maana Kinyiramba chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Akikosea, wazee wanacheka, na yeye anacheka kuwashinda.

Kuna ripoti moja ya wataalamu aliichukia kweli kweli. Iliandika kwamba wakulima wetu "walikuwa wazito kuitikia bei," yaani bei inapanda nao hawaongezi kulima.

Akaniuliza, "Mwalimu, hivi huyu aliyeandika alishawahi kushika jembe?"

Tukamkuta Mzee Msengi uani kwake anapiga alizeti kwa fimbo. Zai akamwamkia shikamoo, akauliza habari za pamba.

"Marahaba, binti yangu. Pamba ina wadudu. Zamani dawa na bomba la kupulizia tulipata kwenye chama cha ushirika. Chama kimekufa, nani alete dawa? Mwenye lori aliyekuja kununua? Yeye alileta magunia matupu, basi."

Akaendelea kupiga alizeti yake. Kisha akasema, "Usidhani nakililia chama. Nacho kilitutesa. Ila tusiitwe wavivu."

Zai aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Aisee, sijawahi kuona mtu anafurahia jibu namna ile.

Mzee Msengi akaongeza kwamba walipohamia alizeti, mwanzoni wanunuzi walikuwa wengi na wanagombania mzigo. Halafu msimu mmoja wote wakaja na bei ile ile. "Kama wametumwa na mama mmoja!"

Hapo Zai akafunga daftari. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wenye malori.

Wiki ile ile akamuuliza. Nilikuwepo, tunakunywa chai sebuleni kwao.

"Baba, ile bei mliipanga?"

Mzee Hamisi hakuzunguka. "Tulikaa watatu, tukakubaliana. Ndivyo biashara ilivyokuwa, mama. Wewe andika tu."

Akaandika. Ikawa sura nzima, nzuri, ya wazi hata mimi nisiye mchumi niliielewa. Wasomi wa upande mmoja walisema soko huria lilileta ushindani, wa upande mwingine wakasema liliua kila kitu. Zai akaonyesha kwamba ushindani ulikuja kweli, halafu watu wenye majina na nyumba zao mjini wakaukalia.

Kamati ya chuo ikasema: chanzo kimoja, tena baba mzazi. Alete uthibitisho wa maandishi, la sivyo sura itoke.

Tukaona jambo dogo hilo. Mzee Hamisi si yupo?

Kumbe baba zake wadogo walishasikia. Wakaja nyumbani wamefura. "Unamwanika baba yako? Watoto wetu watafanya biashara na nani?" Na Mzee Hamisi, mbele yetu, akainamisha kichwa. "Mimi sikumbuki vizuri, mama."

Zai alimwongezea chai.

Mimi nilitoka nje kwa hasira. Wale wawili waliopanga bei na Mzee Hamisi, mmoja alishafariki, mwingine hakupokea simu yetu hata siku moja.

Supervisor wake alimwambia, kwa nia njema kabisa, aitoe ile sura amalize shule. Wote tulimwambia! Hata mimi, Mungu anisamehe.

Akanijibu, "Nikiitoa, Elia, kinachobaki ni kwamba nyie ni wazito."

Basi akarudi vijijini kutafuta ushahidi mwingine. Kichwa kinamuuma, presha inapanda, ukimwambia nenda hospitali anakujibu, "Nikimaliza hii draft." Alianguka akiwa mezani kwake. Hakuamka tena.

Juzi, sheikh alipomaliza dua, Mzee Hamisi akaomba aseme neno. Tulidhani anashukuru watu.

"Ndugu zangu, binti yangu aliniuliza jambo nikamwambia kweli. Alipotaka nithibitishe, nikaogopa. Bei ya alizeti tuliipanga. Mimi nilikuwepo."

Mdogo wake akamvuta kanzu akae chini. "Niache!" akasema, akabaki amesimama.

Mzee Msengi alikuwa amekuja kutoka Kinampanda. Akasimama taratibu katikati ya watu.

"Hamisi, sisi tulijua siku zote. Tulikuwa tunasubiri useme."

Watu wakaanza kulia upya. Mimi sikulia. Niliwaza tu, mzee wangu, ungeyasema haya akiwa hai, leo tungekuwa kwenye mahafali.

Na nyie wa kamati mnaopost tangu jana "tumempoteza msomi mahiri", mahiri kwa kitabu kipi? Kile mlichokikataa?

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mzee Hamisi. Ameandika maneno yake kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi, Mzee Msengi akawa shahidi. Najua nitaambiwa utaratibu hauruhusu, mwanafunzi ameshafariki. Waniambie ana kwa ana.

Zai, rafiki yangu, umechoka, tulia sasa. Mungu akupokee na akupumzishe pema. Jumatatu mimi napanda basi kwenda chuoni kwako, karatasi ya baba yako mkononi.