Bendi Isiyojulikana Uani kwa Mama

Fundi simu wa Nachingwea aliyenijazia nyimbo kwenye memori kadi alinichanganyia singeli, kwaya na albamu moja ya roki ambayo mwenyewe hakujua ilikotoka. "Hiyo futa tu, dada, inatia mkosi," aliniambia. Mimi nikiambiwa futa, ndiyo kwanza nasikiliza.

Ninashona nguo, na kushona kunataka masikio yawe na shughuli. Niliianza albamu ile nikipinda sketi za shule, na nilipofika katikati mguu ulikuwa umesimama kwenye pedali. Dramu zinakwenda polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Gitaa la besi liko chini kabisa, kinanda ni cha kanisani, na mwimbaji ana sauti nzito isiyombembeleza mtu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini neno kaburi nililipata, mvua nililipata, na kwamba kuna mtu anaitwa haitiki. Nilichowapendea zaidi ni ujasiri. Wanaingia kwenye huzuni na kukaa humo, hawaoni haya. Wimbo wa mwisho wameurefusha bure, hilo nalisema waziwazi. Mengine yote sina la kupunguza.

Kwenye picha yao wako wanne, wamevaa nyeusi, mbele ya lango la kanisa lililobomoka. Nilipowatafuta mtandaoni niliona wasikilizaji wao hawajazi hata kanisa dogo la kigango. Iliniuma kama vile ni ndugu zangu walionyimwa haki.

Kipindi hichohicho mdogo wangu wa kiume alifariki machimboni, mbali sana, akazikwa huko kabla habari hazijatufikia. Mama anaishi kijijini, upande wa Chunyu, huku Ruangwa. Alikataa matanga. "Sikuona maiti, sikuona kaburi. Nikalie nini?" Majirani walipokuja kumpa pole, aliwarudishia mlangoni. Akaendelea kupalilia na kupepeta mbaazi, halii, haongei. Niliogopa. Alikuwa anakauka huku tunamwangalia.

Msimu wa korosho nilifunga cherehani nikaenda kukaa naye. Asubuhi moja tulikuwa uani tunabangua korosho, nami nikachomeka memori kadi kwenye spika. Sikuwa na nia ya kumtibu mtu, nilitaka albamu yangu tu. Mama akaendelea kubangua.

Sasa, kwetu spika ikipiga nyimbo za taratibu asubuhi ya siku ya kazi, watu hawaulizi: hapo pana msiba. Na ukiwa shambani, kwaya na roki ya huzuni huwezi kuzitofautisha, hasa kinanda kikishika. Haukupita muda wakaanza kuingia wanawake waliojifunga khanga kiunoni, mmoja ana kuni kichwani, mwingine unga kwenye ungo. Nyuma yao wanaume wawili wamebeba turubai.

Nilirukia spika nikaizima. "Shikamooni. Jamani, mtusamehe, hakuna msiba. Ni muziki wangu tu."

"Muziki gani huo, mwanangu, unaolia hivyo?" aliuliza mwenye kuni. Mmoja akacheka, mwingine akasonya. Mwenye ungo alikuwa ameshageuka kurudi, na mimi natamani ardhi inimeze.

Mama akainuka, mikono bado myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho.

"Msiba upo," alisema. "Mwanangu amekufa. Kaeni."

Kuni zikatuliwa, wanaume wakaanza kutafuta pa kufungia turubai. Mwenye ungo akaja akamshika mama mabega, na hapo ndipo mama aliposhuka chini kwenye mkeka akalia, kilio cha miezi yote ile, akimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Nami nililia, spika bado imo mikononi.

Baadaye sana alinitazama, macho yamevimba.

"Washa," aliniambia. "Hao watu wako nao walie na sisi."