Fundi Ambaye Wateja Wake Hawalalamiki

Kwa mujibu wa Felisita, Luhende alikuwa amepokea maiti yenye magurudumu.

Habari hizo zilimfikia Yusta asubuhi, juu ya ukuta wa matofali, akiwa anamwogesha mwanawe Nancy kwenye beseni. Mtaa ule wa Bariadi haukuhitaji redio. Ulikuwa na Felisita, na Felisita hakuishiwa betri.

"Mama Nancy, umekiona kilicholetwa kwa jirani yako?"

"Nilisikia gari likisukumwa."

"Haya, liite gari. Mimi nimechungulia. Kaling'oa matumbo yote ya juu, sasa analitilia satini nyeupe. Wanasema kuna bwana mkubwa ameagiza akifa azikwe humo, amekaa, kashika usukani."

"Nani wanasema?"

"Watu," alisema Felisita. Kwa kuwa watu, kwa Felisita, ni yeye mwenyewe na dada yake aliyeolewa Nyalikungu kule Maswa, ushahidi ukawa umekamilika.

Yusta hakubisha. Alimpaka mtoto mafuta, akamfunga mgongoni, akazunguka kwenda kibandani kwa Luhende kuomba moto. Kwenda kuchungulia bila sababu ni umbea, na umbea mtaani pale ulikuwa na mwenyewe.

Luhende alizaliwa Dutwa, kwa mkulima wa pamba aliyetaka mwanawe naye alime pamba. Akakataa, akaenda Mwanza kujifunza kushona makochi, akarudi na cherehani na matumaini. Makochi yake yalikuwa mazuri. Balaa lilianza pale seremala mmoja alipomwomba amtandikie jeneza la mzee fulani mwenye ng'ombe wengi. Luhende aliweka pamba laini kutoka kwao, akaweka satini, akakunja marinda yakazunguka kama jua, katikati akabana kifungo. Waombolezaji waliokwenda kuaga walitazama mshono kwanza ndipo wakakumbuka kulia.

Tangu hapo hakuna familia yenye kujiheshimu iliyozika bila mshono wa Luhende, na hakuna mtu aliyekubali kukalia kochi lake angali anapumua. Mteja alikuja, akaminya sponji, akasifu, halafu akauliza kwa upole, "Na kitambaa hiki kilibaki kwenye nini, fundi?" Kochi moja la kahawia lilikuwa limekaa mbele ya kibanda misimu kadhaa ya pamba. Waliolikalia ni kuku wa Felisita, na kusema kweli walilipenda. Watu wakamwita Luhende Jeneza. Wajawazito walivuka barabara wasipitie mlangoni kwake.

Yusta naye alivuka, alipokuwa na mimba ya Nancy. Alipojifungua, Luhende alimletea kigodoro cha pamba, akakiweka mlangoni na kuondoka bila kusubiri asante. Yusta alikianika juani siku nzima kama vile kina ugonjwa. Jioni aibu ikamshika, akamlaza mtoto. Nancy hajawahi kulala vizuri kwingine.

"Mwangaluka, fundi. Naomba moto."

"Mwangaluka, mayu," aliitikia Luhende, akimwita mama kwa Kisukuma. "Moto upo. Na gari lipo, kama ulikuja kwa hilo."

Lilikuwapo kweli: jekundu, fupi, milango miwili, limelala chini kama linaogopa kuonekana. Gari la spoti la miaka ya zamani. Mwenyewe ni Respicius, afisa wa mkoa aliyehamishwa kutoka Bukoba, aliyeachiwa gari hilo na marehemu baba yake. Ndani, juu, kulibaki bati tupu. Silingi ya zamani ilikuwa mezani, vipande vya hadibodi vilivyolegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Ukifunga mlango, inakunyeshea vumbi," Luhende alieleza. Alikuwa amevilaza vile vipande vibovu juu ya hadibodi mpya, akavizungushia chaki, akakata, akatoboa matundu ya klipu za kushikia. "Jumamosi Respicius anaoa. Bi harusi, Lucy, akitoka kanisani pale Nyalikungu, anaingia humu, Maswa yote inaona. Akishuka huku anacheka, nani ataniita tena Jeneza? Hata lile kochi litapata mtu."

"Na kuku watahamia wapi?" Yusta aliuliza.

Luhende akacheka, akafunua shuka kumwonyesha vipande vilivyokwisha. Satini nyeupe. Pamba ya Dutwa imejaa chini yake. Marinda yamezunguka kama jua, na katikati kifungo.

Yusta alivitazama. Mara ya mwisho kuona kazi nzuri kama ile ilikuwa kwenye msiba wa bibi yake.

"Ni nzuri sana," alisema, na hapo hakudanganya. Lililobaki alilimeza, maana hakuwa na moyo wa kumwambia.

Respicius alifika mchana, vipande vikiwa vimeshapachikwa mahali pake. Alisalimia vizuri, akaingia, akafunga mlango, akaegemea kiti, akatazama juu. Akakaa humo muda ambao hata kuku waliuona ni mrefu.

"Fundi," sauti ilitoka ndani, "hapa nimekaa au nimelala?"

"Umekaa, bosi."

"Una hakika?"

Alitoka polepole, akajikung'uta suruali isiyo na vumbi. "Sina ubaya na mshono," alisema. "Ila baba yangu nilimwona mara ya mwisho chini ya kitu kama hiki. Sitaki kumwoa mtu humo." Aliacha ufunguo juu ya meza. "Jumamosi iko palepale, fundi."

Alipoondoka, Luhende alimsukuma kuku mmoja, akakaa kwenye kochi lake.

"Miaka yote hii, mayu, hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika."

"Wangerudi, fundi, tungehama mtaa."

Hakucheka. Yusta akajuta, akambembeleza Nancy aliyeanza kulia, halafu akasema lile alilolimeza. "Mshono wako unaushona umeinama juu yake. Umewahi kuutazama kwa chini?"

"Kwa chini unatazamwa na nani?"

"Na wenyewe."

Luhende alifikiri. Kisha akaingia ndani ya gari, akalaza kiti hadi mwisho, akanyooka, mikono kifuani, kwa sababu gari ni dogo na mikono haina pengine pa kukaa. Mlango ulikuwa wazi na miguu yake ikachomoza nje, soli juu. Akatulia tuli kabisa.

Na kwa kuwa dunia ina mipango yake, ndio wakati Felisita alipokuja kutafuta kuku wake. Aliona satini. Aliona miguu. Hakuuliza kitu. Aligeuka na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyeachiwa urithi, huku akitafuta simu ndani ya kanga.

Luhende alitoka macho yakiwa mekundu. "Hata mimi ningegoma," alisema. "Mtu ukilala pale unaanza kusikia watu wanakuimbia."

Alibandua yote. Yusta alileta kitambaa cha kijivu, kile cha kushonea suruali za shule, kipande alichokuwa amemwekea mumewe aliyeko shambani. Walipaka gundi kwenye hadibodi, wakalaza sponji nyembamba, kisha kitambaa, Yusta akishika kingo huku Luhende akipapasa kutoka katikati kwenda nje kutoa hewa. Kazi ilikuwa nyepesi. Kigumu kilikuwa vidole vya Luhende. Kila vilipofika pembeni vilikunja rinda, vyenyewe, bila kumshauri.

"Fundi."

"Nimeona." Akalinyoosha. Baada ya kidogo vikakunja jingine.

"Fundi."

"Nimeliona, mayu. Mwache mtu aachane na kazi yake kidogo kidogo."

Hatimaye vipande vilipanda juu, klipu zikaitika moja moja, taa ya ndani ikarudi mahali pake. Ilikuwa silingi ya kawaida kabisa, ya kijivu, isiyosifiwa na mtu. Luhende aliitazama kwa uchungu wa fundi aliyelazimishwa kufanya kazi mbaya vizuri.

Ijumaa Respicius alikuja, akaingia, akafunga mlango, akatazama juu.

"Sasa nimekaa," alisema, na uso wa Luhende ukafunguka.

Simu ya Respicius ikaita kabla hajashuka. Alikuwa Lucy. Yusta alisikia upande mmoja tu, na ulitosha. "Nani amelala ndani? ... Kujipima? Kujipima nini? ... Shangazi zako wote?" Akasikiliza, akaishusha simu.

Shangazi wa Nyalikungu walikuwa wameshakaa kikao. Walikuwa na habari za uhakika, kutoka kwa mtu aliyeona kwa macho, kwamba fundi mwenyewe alilala ndani ya gari lile kuangalia kama marehemu atatosha. Binti yao angepanda bodaboda na shela lake, angepanda hata lori la pamba, lakini humo hapandi.

"Silingi nimebadilisha," Luhende alisema, kana kwamba shangazi walikuwa wanamsikia.

"Najua, fundi. Kazi ni nzuri." Respicius alisema atafikiria usiku huu, pengine aliache gari, aazime jingine. Akaondoka kwa miguu, kichwa chini.

Luhende alisimama akilifuta gari mahali palipokwisha kung'aa. Ukutani kichwa cha Felisita kilichomoza, kikaona wanaonekana, kikazama. Nancy alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi, mate yakilowesha kitenge.

"Mayu," Luhende alisema bila kugeuka. "Wale shangazi hawatanisikiliza mimi, wala mwenye gari. Lakini hakuna mama anayepandisha mtoto wake kwenye jeneza. Hilo hata Felisita hawezi kulipindua." Akakunja kile kitambaa cha kufutia, kikawa na marinda mkononi mwake. Akakiona, akakinyoosha. "Nikiongea na Respicius akakubali, kesho panda naye. Kaa mbele na Nancy, mfike mapema, watu wakitoka kanisani wawakute humo ndani. Akilala njiani usimwamshe, nakuomba. Mwache alale pale pale, mbele yao wote, halafu wamwone akiamka."