Soul ya Kuuzia Dawa ya Panya

Kundi letu la vijana wanne wa mtaa lilijulikana kwa wimbo mmoja tu, uliosifu chapati za jirani. Watoto waliucheza kuanzia mtaa wa Kariokor hadi ule wa Lucky Summer, nasi tukavimba vichwa. Baba yangu, dereva mstaafu na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa, aliusikia mara moja akasema ni kelele za watu wenye njaa. Hakuja kutuona tukiimba hata siku moja.

Ndipo tukakua, au tukadhani tumekua. Tukarekodi albamu ya soul: kinanda cha polepole, gita lisilo na haraka, nami nikaacha kupayuka nikaimba kwa sauti ya chini, ile niliyorithi kwa Baba. Sikumwambia mtu, lakini niliimba ili anisikie yeye. Mashabiki walituuliza ni nani aliyefariki. Redio zikatunyamazia, kundi likavunjika bila hata ugomvi wa maana, na nakala niliyompelekea Baba ikakaa kwenye kabati la vyombo bila kufunguliwa. Iliniuma kuliko nilivyokubali.

Mwaka huu nilikuwa kwa Baba asubuhi moja tukinywa chai, mkokoteni wa dawa ya panya, mende na kunguni ukapita na kipaza sauti chake. Chini ya tangazo nikasikia wimbo kutoka albamu yetu. Nilitoka mbio kumuuliza muuzaji aliupata wapi.

"Kwa mtandao, brathe. Ngoma zingine zinameza maneno. Hii imetulia, mtu anaskia bei."

Basi albamu iliyokosa wasikilizaji sasa inazunguka mtaa mzima, ikisaidia kuua kunguni. Nikarudi ndani nikicheka, maana kulia kungehitaji maelezo.

Baba alikuwa ameweka kikombe chini. "Huyo wa dawa amepata mwimbaji," akasema. "Wewe ungeimba hivyo, ningekuja kukusikiliza."

"Baba, huyo ni mimi."

Alinitazama, kisha akatega sikio mpaka mkokoteni ukakata kona.

"Kumbe panya wamenitangulia kukusikia," akasema.

Akavaa viatu, akatoka kumfuata muuzaji. Nyumba yake haina panya.