Aliyeitika Mara Mbili

Kasese ilinichosha kabla mlima haujanichosha. Tulikuwa tuanze kupanda Jumatatu, lakini mabegi ya wazungu wetu wawili yalipotea huko kwenye ndege, na bila mabegi hawakuweza kutoka hotelini. Sisi wabebaji tukaambiwa tungoje. Kungoja mjini ni kubaya kuliko kubeba. Mzigo, ukiubeba, unajua utautua wapi.

Nililala kwa shemeji yangu, chumba kimoja karibu na stesheni ya zamani ya treni. Joto la Kasese ni la kukaanga mtu. Asubuhi nilitoka, nikazunguka soko, nikatazama malori ya simenti yakitoka kiwandani Hima na vumbi lake jeupe, nikarudi, nikatoka tena. Shemeji akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Alijua naongopa, maana kwetu Nyakiyumbu kila mtu anajua mara ya mwisho nilishukaje mlimani: juu ya machela, nimefunikwa hadi kidevuni. Wanasema mlima ulinikataa. Hata mke wangu alishaanza kusema hivyo. Ndiyo sababu nilirudi. Nilitaka nipande na nishuke kwa miguu yangu, wanione, wanyamaze.

Mlima haukunikataa. Niliachwa na mtu, na mtu huyo namtaja: ni mnyapara wa wabebaji. Jina lake siandiki, lakini wote mjini wanamwita Afande, kwa sababu aliwahi kukaa jeshini kidogo na tangu hapo hajui kuongea bila kuamuru.

Ilikuwa hivi. Sisi Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mimi ni mvulana wa pili, na wavulana wa pili tuko wengi. Ukiliita jina letu siku ya soko Bwera, utaona vichwa vinageuka kila upande. Safari ile tulikuwa wawili wenye jina hilo. Mimi nilibaki nyuma kwenye matope ya juu, yale yanayomeza mguu hadi gotini. Gambuti langu, kiatu changu cha mpira, lilipasuka, kifundo kikateguka, nikajikokota hadi chini ya jiwe. Mvua ilinyesha, ya barafu. Wenzangu walifika kwenye kibanda cha kulala. Afande akasimama mlangoni akaita majina. Alipofika kwetu, mwenzangu aliyekuwa ndani anaota moto akaitika, "Niko." Afande akaliita mara ya pili, sasa akiniita mimi. Yule akadhani mvua imeizima sauti yake. Akaitika tena, kwa nguvu zaidi. Basi, wote wapo. Wakala, wakalala.

Walinipata asubuhi. Hospitalini nilikatwa vidole vitatu vya mguu wa kulia, vilivyokufa kwa baridi. Mwenye kampuni alisema nilijitenga na kundi mwenyewe. Huyo naye namtia katika hesabu ya walioniacha. Na yule wa jina langu namtia nusu, maana mtu anayeota moto angeweza kuangalia nani hayupo pale motoni.

Wazungu wakaendelea kungoja mabegi, mimi nikashindwa kukaa. Nikapanda gari hadi soko la Bwera kutafuta magambuti mapya, na sikupita nyumbani ingawa kwetu ni karibu hapo. Muuzaji alikuwa mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ana msalaba mkubwa kifuani. Yeye magambuti anayaita boti. Nikamwomba la kushoto namba kubwa, la kulia namba ndogo. Akaniangalia miguuni.

"Papa, miguu yako ilizaliwa siku moja kweli?"

Nikamwambia anitenganishie tu.

"Hapana, papa. Boti iko bibi na bwana. Mimi niko mukatoliki, siachanishe ndoa."

Wenzake wa meza za jirani wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka kidogo, na hilo nalo liliniudhi. Nikanunua namba moja kwa miguu yote, nikarudi Kasese kushindilia matambara mahali pa vidole.

Huyo wa jina langu nilimkuta kwenye kibanda cha chai. Aliponiona alisogeza kikombe chake, akanipisha kwenye benchi. Afande alikuwa amekaa mkabala, anakula chapati. Sikupanga kusema. Lakini siku za kuzurura hovyo zilikuwa zimenijaa kooni.

"Siku ile uliita jina. Hukutazama watu," nikamwambia.

Hakuacha kutafuna. "Niliita jina lako mara mbili. Likaitikwa mara mbili. Unataka nini?"

"Nataka safari hii utuguse. Mmoja mmoja."

"Mimi niwaguse wanaume? Kunywa chai, mzee."

Nikanywa. Ningefanya nini? Alinichukua tena kwa kuwa wabebaji walikuwa wachache msimu ule, na angeweza kuniacha kwa neno moja.

Mabegi yakaja. Asubuhi tukapangwa uani mwa kampuni, mizigo miguuni, na Afande akaanza kuita. Kila mtu akaitika. Akafika kwenye jina letu. Mimi nikafunga mdomo. Nilingoja yule mwenzangu aitike, nione itakuwaje. Hakuitika. Nilimtazama: alikuwa amekaza macho kwenye mzigo wake, anafunga na kufungua kamba ile ile. Nilifahamu hapo kwamba tangu siku ile anaogopa jina lake mwenyewe.

Afande akarudia. Wazungu wakageuka kutazama.

"Nyinyi wawili muko viziwi?"

"Tuko wawili," nikasema. "Unamwita nani?"

Akaja hadi mbele yangu. Nilidhani atanifukuza. Akatazama mguu wangu wa kulia, gambuti lilivyolegea kwenye ncha, akawageukia wenzetu.

"Huyu kuanzia leo ni Kasoro. Mumesikia? Yule abaki na jina lake. Huyu, Kasoro."

Wote wakacheka isipokuwa wa jina langu. Lilikuwa tusi, na alilitoa kama tusi. Nalo hakuna mwingine katika Kasese nzima ambaye angeweza kuliitikia.

"Kasoro," akaita.

Nikainua mzigo kwanza, nikaufunga kamba ya kichwani, nikamwacha angoje.

"Niko," nikasema.