Vidonge Nilivyoviweka Akiba

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa maneno mengi. Nilifundisha historia chuoni, nikastaafu, nikahamia shamba letu la Ndabibi kulima viazi vibaya na kuwakosoa waliolima vizuri. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, umri niliouita wa makamo. Wajukuu waliuita uzee.

Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na majirani wakatawanyika, nilinyamaza. Kifua kilikuwa kizito, choo kigumu, na chakula hakikuwa na ladha. Nilikonda hadi mke wangu, Wanjiru, akautoboa mshipi wangu kwa msumari mara tatu. Nikasingizia vidonda vya tumbo. Nilitamani nilale nisiamke, ila hilo sikumwambia mtu.

Wanjiru alinipeleka kliniki Naivasha. Daktari alinibonyeza tumbo, kisha akauliza, "Mzee, mara ya mwisho kufurahi ilikuwa lini?"

Nikaanza kumfafanulia maana ya furaha. Nililia kabla sijamaliza sentensi.

"Huu ni ugonjwa wa huzuni," alisema. "Unatibika. Lakini sitakutibu peke yangu."

Alinipa vidonge vya kumeza kila siku. Muuguzi, Sista Chebet, angenipigia simu kila Alhamisi. Mshauri angezungumza nami kila wiki mbili, kisha wote watatu wangekaa pamoja na faili yangu.

Mwezi wa pili wa matibabu nilikuwa vilevile. Daktari akataka kuongeza dawa. Sista akaomba kwanza aone pakiti. Nusu ya vidonge ilikuwa bado imo.

"Mwalimu, hizi dawa ni za nani?"

"Zangu. Nameza leo, naruka kesho. Barabara zikifungwa tena je?"

Nilingoja kukemewa. Akaketi kando yangu.

"Hata mimi niko na unga wa akiba chini ya kitanda," alisema. "Lakini dawa ya kuwekwa haiponyi mtu. Wewe meza. Wakifunga barabara nitakuletea kwa miguu."

"Mpaka Ndabibi?"

"Kwani unaishi Uganda?"

Wanjiru alicheka. Mimi sikuweza, lakini kuanzia siku hiyo nilimeza kila siku. Lile la kutoamka nikamwambia mshauri, naye hakushtuka.

Wiki ya sita tangu siku hiyo, tukila, niliomba chumvi, mara ya kwanza tangu niugue. Wanjiru aliweka kijiko chini, akalia.

Nawashukuru daktari, Sista na mshauri, na Wanjiru zaidi. Mzee mwenzangu unayesingizia tumbo, mwambie daktari lile unaloficha, na dawa uimeze kila siku kama ulivyoagizwa. Mimi nilikaribia kumwachia Wanjiru pakiti ya vidonge vya akiba na kitanda kitupu.